Kamba ya Mzee wa Mistari: shajara ya kuchora upya kiwanja chetu cha Katuba

Jumamosi, 8 Juni 2024

Leo tumecheza bila mistari. Nilijiunga na klabu hii mwaka 1998 nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na tangu hapo sijawahi kufika kiwanjani Jumamosi nikakuta udongo mtupu. Hata mvua iliponyesha usiku kucha, asubuhi mistari ilikuwepo, myeupe juu ya udongo mwekundu, kama vile imeota yenyewe.

Kilio cha Mzee aliyetuchorea kiwanja kilikwisha wiki iliyopita. Tulikesha lupangoni, uani kwa marehemu, tukiota moto, maana baridi ya Juni imeshafika, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Wachezaji wa zamani walitoka mitaa mingine ya Lubumbashi, Ruashi, Kenya na Kampemba, mmoja alipanda basi tangu Likasi. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Beki wetu wa zamani alisimulia jinsi alivyoazimwa viatu vya kuchezea akavirudisha baada ya miaka mitatu, na Mzee akavipokea, akavipangusa, akamuuliza tu kama mama yake amepona. Tulizungumza mpaka alfajiri. Lakini kati yetu wote hakuna aliyeuliza: Jumamosi nani anachora?

Jibu tumelipata leo. Mshambuliaji wa wageni aliangushwa mbele ya goli letu. Mwamuzi akapuliza filimbi, akakimbia hadi pale, akatazama chini. Ni ndani ya eneo la penalti au nje? Chini hapakuwa na kitu ila vumbi. Wachezaji wakamzunguka, sauti zikapanda, watoto wakaingia uwanjani. Mwamuzi alikata shauri kwa macho yake, na simlaumu hata kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, pale pale ambapo Mzee alikuwa akisimama na kopo lake kusubiri mapumziko ili arudishie mistari iliyofutwa na viatu. Machozi yalinitoka.

Tulimwita Mzee wa Mistari. Watoto walimwita kambo, kama tunavyomwita babu hapa Lubumbashi. Jina lake silitaji. Mjane wake ameomba iwe hivyo. Alifika mwaka 1996 akimsindikiza kijana wake aliyekuwa kipa wetu. Kijana alikwenda kutafuta kazi Kolwezi, baba akabaki. Miaka 28. Hakupokea faranga hata moja, na mara mbili tulipotaka kumwingiza katika komite alikataa. Alisema komite kazi yake ni kukaa na kuzungumza, na yeye akikaa mgongo unamuuma.

Jioni hii komite imekubaliana: tutachora kiwanja kama alivyokichora yeye, kwa vifaa vyake, kabla ya mechi ya kumkumbuka tunayoipanga Oktoba. Vijana wanne watajifunza kazi hiyo. Mimi mtunza hazina nimepewa kuandika shajara.

15 Juni

Tumekwenda kwa mama mjane, watu watatu. Alitukaribisha, akatupa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akatuuliza habari za watoto wetu mmoja mmoja kwa majina. Ndipo akaingia ndani akatoka na vitu.

Kamba ya katani, imezungushwa kwenye kipande cha ubao, imefungwa vitambaa vya rangi mahali mahali. Kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari na kufungwa kwenye mpini wa jembe. Fimbo ya mti mgumu, ncha zake zimevalishwa bati. Jozi ya mabuti ya mpira. Na daftari moja la shule, ambalo nilidhani litatueleza kila kitu. Nimelisoma usiku huu lote. Ni orodha ya viatu: nani ameazima, namba ya mguu, tarehe, karejesha au bado. Basi. Kuhusu mistari hakuandika neno.

Tulimuuliza mama kama mume wake aliwahi kumweleza anavyopima. Akasema: “Mimi nilijua anakwenda kiwanjani. Alichokuwa akikifanya huko ni ninyi mliokiona.”

Tulikuwa hapo, kweli. Tulikuwa tukifika saa nne, kazi imeshakwisha.

22 Juni

Leo tumeipima kamba. Tuliinyoosha kwenye barabara mbele ya kanisa, tukaweka dekametre, utepe wa kupimia, pembeni yake, binti wa beki wetu wa zamani akashika mwanzo na mimi nikawa nasoma. Vitambaa ni sita, na vyote vimekatwa kutoka jezi zetu. Cha kijani nilikitambua mara moja: ndiyo jezi niliyovaa mechi yangu ya kwanza.

Cha kwanza kiko mita 3.66. Cha pili 5.50. Cha tatu 9.15, hiki kimefungwa mara mbili. Cha nne 11. Cha tano 16.50. Cha sita 20.16. Halafu kamba inaendelea bila alama hadi mwisho wake, mita 24.

Vinne tulivijua papo hapo, kila mwenye kupenda mpira anavijua. Mita 5.50 ni eneo la goli, 11 ni nukta ya penalti, 16.50 ni eneo la penalti, 9.15 ni duara la kati. Vipimo hivi vina sura ya ajabu kwa sababu sheria za mpira zilitungwa Uingereza kwa yadi: yadi 6, yadi 12, yadi 18, yadi 10. Ukizigeuza kuwa mita ndipo zinapata mikia hiyo.

Iliyobaki ilitukalisha chini. Kijana mmoja ndiye aliyetegua 3.66: goli lina upana wa mita 7.32, nusu yake ni 3.66. Kumbe Mzee alikuwa akisimika kijiti katikati ya goli na kupima kila kitu kutoka hapo, kushoto na kulia. Tulipojua hivyo, 20.16 ikajifungua yenyewe. Eneo la penalti huanza mita 16.50 kutoka kila mlingoti wa goli; jumlisha 3.66, unapata 20.16. Kitambaa kimoja, na pembe mbili za eneo zimepatikana.

Nikaendelea kupiga hesabu usiku nikiwa nimeshalala. Eneo la goli nalo: 5.50 na 3.66 ni 9.16. Tofauti na duara la kati ni sentimita moja, na mstari wenyewe unaruhusiwa kufika upana wa sentimita 12. Kwa hiyo kitambaa cha 9.15 kilifanya kazi mbili. Na lile tao linalotokeza mbele ya eneo la penalti? Huchorwa kutoka nukta ya penalti kwa mita 9.15. Kumi na moja na 9.15 ni 20.15. Tena kitambaa cha sita! Ukikinyoosha kutoka katikati ya goli kwenda mbele, kinakuonyesha kilele cha tao. Niliamka nikawasha taa niandike haya kabla sijasahau. Mtu huyu hakuweka fundo hata moja la bure.

Isipokuwa mita 24. Hakuna kipimo cha mita 24 popote katika mpira wa miguu.

6 Julai

Jaribio la kwanza limeshindwa. Kosa ni letu. Tuliionea huruma kamba ya Mzee, tukasema tusiichakaze, tukanunua ya nailoni mpya na kuhamishia vipimo vyote juu yake. Nailoni inavutika. Kijana mwenye nguvu akiivuta, mita 16.50 inakuwa karibu 17. Akishika mdogo wake, inarudi. Eneo la penalti likawa na bega moja juu na moja chini, na duara la kati likatoka kama yai.

Katani haina tabia hiyo. Inayo nyingine: ikilowa inafupika. Mchezaji mwenzangu alikumbuka kwamba wakati wa mvua Mzee aliifunga kamba ndani ya mfuko wa plastiki na kuiingiza chini ya koti lake, yeye mwenyewe akilowa. Tulidhani ni mapenzi ya mzee kwa kitu chake.

13 Julai

Siku mbaya, naiandika kwa ufupi. Tulinunua chokaa sokoni bila kuuliza ni ya namna gani. Ilikuwa haijazimwa. Kijana alimimina maji kwenye ndoo ya chokaa, ikachemka, ikaruka, ikamuunguza mkono. Tuliumwagia maji mengi kwa muda mrefu, tukampeleka kwa muuguzi. Hakuguswa macho, namshukuru Mungu. Nimekwenda kwa wazazi wake jioni kuomba msamaha mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa mkubwa pale na sikujua ninachokisimamia.

20 Julai

Mkono unapona vizuri. Kijana amerudi, na ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote leo.

Tumepata mwalimu: golikipa wetu wa miaka ya 2000, siku hizi fundi mwashi. Ametufundisha hatua kwa hatua. Chokaa inayouzwa hapa mara nyingi hutoka upande wa Likasi, kwenye mawe ya Kakontwe. Jiwe likichomwa tanuruni linakuwa chokaa mbichi yenye kiu kali ya maji, na ikiyapata inatoa moto. Kwa hiyo unatia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, kamwe usitie maji juu ya chokaa. Unakoroga kwa mti mrefu, uso umeugeuza pembeni. Unaifunika, unaiacha ikae wiki mbili au zaidi, halafu unaichuja kwa chandarua cha zamani. Hapo inakuwa laini kama uji, na ukiichora juu ya udongo inashika. Unga mkavu upepo wa Julai unaubeba.

Hata ikishazimwa bado inakula ngozi. Miwani, glavu, mabuti. Aliposema mabuti tukatazamana. Mzee alivaa yale mabuti ya mpira hata Oktoba, jua likiwa kali kiasi kwamba wachezaji wanatafuta kivuli cha mlingoti.

Nyuma ya nyumba yake kuna nusu pipa lenye kifuniko cha bati. Mama mjane alikuwa akidhani ni maji ya kujengea. Tulilifunua: chokaa iliyozimwa, nzito, tayari, inatosha kuchora mara mbili au tatu. Aliiandaa kabla hajaugua. Tumekubaliana haiguswi mpaka Oktoba.

10 Agosti

Wiki tatu zimekwenda kwa milango ya magoli, pale kipa anaposimama pamekuwa shimo. Tulifanya kama alivyofanya yeye: udongo wa kichuguu. Nje ya mji vichuguu bado vipo vikubwa kuliko nyumba, na wachoma matofali wanavijua vyote. Tuliuleta kwa mkokoteni, tukauponda, tukaulowesha, tukaushindilia kwa gogo, tukaufunika magunia usikauke haraka ukapasuka. Ukishakauka ni mgumu kama sakafu. Wakubwa wanakumbuka kwamba viwanja vya tenisi vya zamani vilitandikwa udongo huu huu.

31 Agosti

Nataka kuiandika siku hii polepole.

Tatizo letu tangu Juni lilikuwa pembe. Unaweza kuwa na vipimo vyote vya ndani, lakini kama pembe nne za kiwanja hazijakaa sawasawa, kila kitu kinapinda. Kiwanja chetu kina upande mmoja wenye mfereji, mwingine wenye njia ya watu, na huwezi kuamini jicho. Tulijua kutokana na karatasi za zamani za klabu kwamba kinapimwa mita 96 kwa 72. Kwa nini si 100 kwa 64 kama viwanja vingine? Tulijibu kila mara: kwa sababu ya mfereji.

Wiki iliyopita mchezaji mwenzangu alikumbuka kumwona Mzee kwenye pembe ya upande wa kanisa akifagia udongo kwa mguu, kama mtu anayetafuta sarafu. Tulifukua hapo. Kina cha kiganja kimoja, tukakuta kichwa cha nondo kilichopigwa nyundo ardhini. Jioni hiyo tukapata cha pili, na Jumatano cha tatu. Cha nne, upande wa mfereji, hakikuonekana. Tulichimba sana pale, mpaka watu wakaanza kutuuliza kama bomba la maji limepasuka.

Leo asubuhi binti wa beki, ana miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa kwenye tofali akizungusha kamba kwenye ubao wake, huku akiimba kwa sauti ya chini: tatu, nne, tano, tatu, nne, tano. Nikamuuliza wimbo huo kautoa wapi. Akasema ni wa kambo. Alikuwa akiuimba akitembea. Watoto wote wanaujua, waliugeuza mchezo wa kuruka.

Fundi mwashi alisimama kama aliyepigwa. Kila mwashi anaijua tatu, nne, tano: pembetatu yenye pande hizo ina pembe mraba kamili, maana tisa na kumi na sita ni ishirini na tano. Ndivyo wanavyonyoosha pembe za nyumba. Akachukua kijiti akaandika chini. Kamba ni mita 24. Kamba tatu ni 72. Kamba nne ni 96. Kamba tano ni 120.

Kiwanja chote ni pembetatu mbili za tatu-nne-tano zilizolaliana. Urefu wa kamba si kipimo cha mpira, ni kipimo cha kiwanja chenyewe! Mfereji hauhusiki. Mzee alichagua 96 kwa 72 ili mtu mmoja, kwa kamba moja, bila dekametre na bila kuomba msaada, aweze kuhakikisha pembe zake: tatu kwa mstari wa goli, nne kwa mstari wa pembeni, na kutoka kona hadi kona lazima zitimie tano.

Tukachukua nyuzi mbili za ujenzi. Moja tukaipima kamba tatu, nyingine kamba nne. Tukazifunga kwenye nondo mbili kati ya tatu tulizokuwa nazo, tukazivuta zikutane upande wa mfereji. Zilikutana karibu hatua mbili kutoka pale tulipochimba, chini ya njia ambayo watu wameikanyaga ikawa ngumu. Kijana aliyeungua mkono ndiye aliyeshika sururu. Pigo la tatu likalia chuma.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi alivua kofia. Halafu binti akachukua kamba, akatembea kutoka kona hiyo hadi ya upande wa kanisa, akihesabu. Tano. Zilipungua kidole kimoja.

7 Septemba

Leo mazoezi tu, tumechora nusu ya kiwanja kwa majivu ya jikoni tusiharibu chokaa. Yeye pia alitumia majivu miaka ambayo chokaa haikupatikana au klabu haikuwa na kitu mfukoni.

Nimejumlisha urefu wa mistari yote: mzunguko, mstari wa kati, duara, maeneo manne, matao mawili, kona nne. Ni mita 711 hivi. Kila Jumamosi mtu aliyeinama, kopo mkononi, mita 711, bila kuhesabu kurudi na kwenda kupima. Tuseme Jumamosi 30 kwa mwaka, ni kilomita 21. Kwa miaka 28 ni karibu kilomita 600: kama kwenda Kolwezi alikohamia kijana wake, na kurudi.

Hesabu hii imenikumbusha Jumamosi moja. Tarehe 18 Desemba 2010. Mwenyeji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Jumanne yake Mazembe, klabu ya mji wetu, walikuwa wamewafunga Internacional wa Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya klabu, na Jumamosi jioni walikuwa wanakutana na Inter ya Italia. Mji ulikuwa mweusi na mweupe tangu asubuhi. Hakuna aliyefanya kazi. Sisi tulikuwa na mechi ya watoto chini ya miaka kumi na minne, imepangwa tangu Novemba, na komite ikasahau kuiahirisha.

Mzee alikuwa mtu wa Lupopo, mahasimu wa Mazembe hapa mjini. Alifanya kazi reli, na wana reli ni Lupopo, manjano na bluu hadi kaburini. Lakini si kwa sababu hiyo alikuja. Usiku ulikuwa na mvua. Alichora kiwanja chote, ikanyesha tena, akarudia. Saa ya mechi walifika watoto tisa, wa timu zote mbili kwa jumla. Akawagawa, akapuliza filimbi mwenyewe, wakacheza kwenye nusu ya kiwanja. Nilipita nikiwa na bendera mgongoni nikielekea Kamalondo, mtaa wa Mazembe, nikamwona amesimama pembeni na kopo lake. Nilimpungia mkono, akanipungia. Sikusimama. Jioni Inter walishinda 3-0, na kwa muda mrefu hilo ndilo nililolikumbuka kuhusu siku ile.

28 Septemba

Imebaki fimbo. Tulijua kazi yake: alisimika ncha moja kwenye pembe na kuizungusha ili kuchora robo duara ya kona, ambayo sheria inasema iwe na nusu kipenyo cha mita 1. Leo tumeipima. Si mita 1. Ni mita 1 na karibu sentimita 7.

Tulipima mara tatu. Mtu makini kiasi kile, akosee kitu rahisi kuliko vyote? Tulimpelekea jirani yake, mzee aliyefanya naye kazi kwenye njia ya reli. Aliishika akacheka kwa furaha ya kuona rafiki. Ni fimbo ya kukagulia reli. Umbali kati ya vyuma viwili vya reli yetu ni milimita 1,067, tangu enzi za Wabelgiji, na hao wa kazi ya njia walikuwa wakitembea na kipimo hicho mkononi mchana kutwa. Alipoacha kazi aliondoka nacho, na akakileta kiwanjani.

Kwa hiyo kwa miaka 28 kona zetu zimekuwa kubwa kuliko sheria kwa sentimita 6.7, na hakuna mwamuzi aliyewahi kugundua.

Komite imejadili hadi giza. Mimi nilisema tuziache kama alivyoziacha: ni kipimo chake, ni maisha yake yamekaa pale kwenye kona nne. Fundi mwashi alipinga. Alisema Mzee mwenyewe aliwahi kufuta na kuchora upya eneo zima la penalti kwa sababu ya kosa dogo, mechi ikisubiri, na kama angejua kuhusu kona asingelala. Tukapiga kura. Mita 1 imeshinda, kura tano kwa mbili. Nimekubali, ingawa moyo wangu bado uko upande wa wawili. Kitambaa cha saba kimefungwa kwenye kamba leo, cha njano na bluu. Fimbo imetundikwa katika chumba cha jezi.

12 Oktoba

Mechi ya kumkumbuka. Jakaranda zimechanua, barabara ya kwenda kiwanjani yote ni zambarau.

Vijana wanne walianza kabla ya jua, kwa chokaa ya pipa lake. Walitumia saa tatu kasoro. Wakubwa wanasema yeye peke yake alitumia mbili. Binti alishika kamba, akaimba, na wengine wakaitikia bila kuambiwa. Mwamuzi alizunguka kiwanja chote kwa miguu kabla ya kuanza, akatazama kila kona.

Mama mjane alikaa kiti cha mbele na kijana wake aliyesafiri kutoka Kolwezi. Wakati wa kimya cha dakika moja niliwatazama hao wawili: walikuwa wakitazama chini, mistari. Mechi iliisha 2-2. Kulikuwa na penalti moja kipindi cha pili. Mwamuzi alionyesha nukta, na hakuna aliyebisha. Baada ya mechi kijana wake aliomba kuonyeshwa nondo ya upande wa mfereji. Alipiga magoti, akaufagia udongo kwa mkono, akakigusa kichwa cha chuma, akaurudishia.

26 Oktoba

Mvua kubwa ya kwanza imepiga tangu saa tisa mchana, na radi. Nimepita kiwanjani jioni na mwavuli. Hakuna kilichobaki, ila alama ya duara la kati kwa mbali, upande mmoja.

Kesho kuna mechi ya wasichana saa tatu asubuhi. Pipa la Mzee limekwisha. Tuna ndoo mbili za chokaa tuliyoizima wenyewe tarehe 5, imechujwa, inatosha kwa kubana matumizi. Mabuti yamempata kijana wa mkono, yanamtosha akivaa soksi mbili. Binti amenitumia ujumbe kupitia simu ya baba yake kuuliza kama kamba imelowa. Haijalowa. Iko ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya koti langu, mlangoni. Tunakutana kona ya kanisa kabla jua halijatoka.